Yule "mtaalamu wa mapambo" wa hapa Mwanza amejifuta jasho na kitambaa cha kochi cha mama yangu!!

Binti Igogo
Wakuu, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mtanisamehe. Yule mtaalamu wa mapambo ya ndani mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa suruali ya kubana na futi kamba shingoni, anayejirekodi akiingia kwenye sebule za watu huku anatikisa kichwa. Ametoka kwangu sasa hivi. Amejifuta jasho na kitambaa cha kochi alichofuma mama yangu.

Narudia kwa waliochelewa: AMEJIFUTA JASHO. Alianza na paji la uso, akashuka shingoni, akamalizia nyuma ya masikio.

Nilimwita kwa heshima zote. Nimepaka rangi, nataka sebule ambayo mgeni akikaa asitamani kuondoka. Igogo mlimani mnapajua, gari linaishia chini, huku kwingine ni ngazi na mawe. Jamaa akafika juu anahema mpaka majirani wakafungua madirisha. Hata maji sijampa, akajitupa kwenye kochi, akanyoosha mkono nyuma, akachomoa kitambaa. Cheupe, uzi wa pamba, ua la nanasi. Mama alikifuma kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, miaka ile kabla daraja halijafunguliwa 2025. Malori yamepanga mstari, watu wananuna, mama anafuma. Huyu bwana akakigeuza taulo. Kisha akakiangalia, akaniangalia, akasema: "Dada, haya matambara watu bado wanayaweka?"

Matambara!

Na ushauri wenyewe ni kijivu. Makochi ya velveti ya kijivu, zulia la manyoya la kijivu, mapazia mazito ya kijivu, nadhani hata mimi alitaka anipake kijivu. Nikamwambia sebule yangu inatazama ghuba, upande wa magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka jikoni, velveti itapauka upande mmoja. Hasikii. Nikamwambia wale wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku, asubuhi tunawazoa kwa koleo, kwenye manyoya nitawatoaje? Hasikii. Nikamuuliza hilo kochi la L litapita wapi kati ya yale mawe mawili hapo chini, maana sisi wenyewe tunapita kiubavu. Akanijibu, "Jiwe litavunjwa." Jiwe la Igogo! Livunjwe ili kochi lipite!

Kitambaa cha kochi kina kazi yake. Kinazuia mafuta ya nywele yasiingie kwenye kochi, kinafuliwa Jumamosi, kinatiwa wanga, kinarudi mahali pake kimesimama wima. Yeye hiyo velveti yake ataivua Jumamosi aianike wapi?

Halafu akadai laki moja ya ushauri. Nilipe laki moja mtu ajifute jasho kwangu! Nimekiloweka kwenye beseni na kila nikipita hapo damu inapanda upya. Mpaka nyuma ya masikio, wakuu!

Sato Mkavu
Uzi bila picha huu. Weka picha ya kitambaa tujue kama kweli si tambara.

Kirikuu Nyeusi
Nimeshakaa siti ya mbele. Nani ana karanga?

Shangazi wa Kirumba
Pole sana mayu. Huyo huyo alikuja kwa mdogo wangu, akashusha picha ya marehemu baba ukutani, akaweka mnara wa Paris. Paris hatuna ndugu.

Binti Igogo
@Sato Mkavu picha siweki, kiko kwenye beseni. Shangazi asante, wewe umenielewa. Picha ya marehemu angalau hakuifutia masikio.

Dagaa Mbichi
Dada masikio tumeyasikia. Ila nisamehe, vitambaa kwenye makochi mpaka leo? Bibi yangu kule Magu mwenyewe alishaviondoa.

Shangazi wa Kirumba
Wewe Dagaa nakufahamu kwa maandishi tu, lakini kichwa chako nimekielewa. Ninyi ndio mnaopaka mafuta ya mgando halafu mnaegemea makochi ya watu. Mwache mtoto na vitambaa vyake.

Fundi Randa
Mnagombania vitambaa wakati mmekalia mbao mbichi. Mimi nipo Nyakato, kazi yangu ni makochi. Mteja anaingia, anabonyeza sponji, anasifia rangi, analipa. Hakuna anayepindua kochi. PINDUENI! Tazama chini. Kama fremu ni paini ambayo haijakauka, imepigwa misumari mitupu, hakuna gundi, hakuna kipande cha kushikilia kona, wakikaa wajomba wazito wawili linaanza kulia. Mninga bei yake inauma lakini wajukuu watalikalia. Sponji nayo, ukibonyeza ikachelewa kurudi, achana nayo hata kama kitambaa cha juu kinang'aa.

Na wewe wa Igogo, agiza kochi la vipande, la kufunga kwa boliti. Vijana wanalipandisha kichwani kipande kimoja kimoja, mnalifungia ndani. Hakuna jiwe la kuvunjwa.

Mzee wa Mkuyuni
Fundi wa Nyakato anatufundisha! Nimetoa kianzio cha kitanda cha sita kwa sita kabla ya Pasaka. Kila nikipiga simu, "Vanishi inakauka, mzee." Vanishi gani ya kukauka tangu masika mpaka vuli? Tunalala kwenye godoro chini, mimi na mama yenu, umri huu!

Fundi Randa
Shikamoo mzee. Hiyo si karakana yangu. Ila masika kweli vanishi inasumbua, hewa ikiwa na unyevu inatoka ukungu mweupe juu ya mbao, inabidi kupiga msasa upya.

Mzee wa Mkuyuni
Marahaba. Masika yameisha zamani. Tupo Oktoba.

Jiwe la Bugarika
Mzee wewe una vanishi, mimi nina dari nusu. Fundi wa jipsamu alichukua hela yote, akaziba upande wa televisheni, upande wa meza ya chakula natazama mbao za kenchi. Nikimpigia anasema yuko Ukerewe, boti zimejaa. Zimejaa kila siku?

Dagaa Mbichi
Jipsamu kwenye nyumba ambayo bati linavuja ni kufuga ukungu. Ziba bati kwanza.

Jiwe la Bugarika
Nani kakuambia bati langu linavuja?

Binti Igogo
Jamani turudi kwenye mada. Mtu amejifuta jasho na kazi ya mikono ya mama yangu, ninyi mnaleta mabati!

Kirikuu Nyeusi
Dada tumekupata, kitambaa, nanasi, jasho. Mzee wa Mkuyuni, huyo wa kitanda si yule wa kofia ya pama, anayekaa nje anakunywa soda?

Mzee wa Mkuyuni
Huyo huyo! Kumbe unamfahamu?

Kirikuu Nyeusi
Ana shokesi ya mama mkwe wangu tangu mwaka jana. Mama mkwe anaamini nimeuza. Sikaribishwi hata chai. Jumamosi twende wote mzee, nakupitia stendi ya Mkuyuni na kirikuu, tukikuta kitanda bila vanishi tunapakia hivyo hivyo.

Mzee wa Mkuyuni
Saa mbili asubuhi niko hapo. Nakuja na risiti.

Jiwe la Bugarika
Kuna anayefahamu vijana waaminifu wa kubeba mizigo Bugarika? Niliowapata wamefika katikati ya ngazi wakaongeza bei, nimekataa, wameondoka. Friji imekaa juu ya jiwe kwa jirani na wingu hilo linakuja.

Sato Mkavu
Friji ya milango mingapi? Kama unauza hapo hapo ilipo, nakuja na watu wangu.