Nimemaliza Peponi nikabaki njiani: mwisho wa namna hii unamtendea haki msomaji?

Binti wa Ngamiani, Tanga

Ndugu wasomaji, assalaam aleykum, na wakubwa zangu shikamooni. Juzi usiku nilimaliza kusoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na tangu hapo sina raha. Nakala niliyosoma nimeiazima kwa binamu yangu. Nilipofika ukurasa wa mwisho na kumwacha Yusuf akikimbia kuifuata safu ya askari wa Wajerumani, nilidhani kuna kurasa zimechanwa. Nilikifungua kitabu mpaka mgongo ukalia, nikapapasa kwa kidole pale karatasi zinapoungana, nikitafuta mabaki ya ukurasa ulionyofolewa, nisiyaone. Hadithi ilikuwa imekwisha kweli.

Si kwamba kitabu hakikunipendeza. Kimenishika kuliko chochote nilichosoma mwaka huu. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapoondoka kwao na mfanyabiashara Aziz, mtu aliyezoea kumhesabu kuwa ni ndugu wa familia, na baadaye ndipo anapofahamu kwamba baba yake amemweka rehani kwa ajili ya deni. Neno hilo, rehani, sisi hulitumia kwa pete na cherehani. Kulikuta juu ya mtoto kulinifanya nikifunge kitabu kwa siku mbili. Ile stesheni ya treni ya mwanzo wa hadithi niliisoma huku naiona stesheni yetu ya Tanga, kwa kuwa reli yetu nayo ilianza kujengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ingawa najua fika kwamba mji wa Kawa anaousimulia mwandishi si huu wetu.

Sasa niwaeleze kinachonisumbua. Kila jioni baada ya isha mimi na mama yangu huangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mama humenya machungwa ya Muheza, ganda likishuka mzunguko mmoja bila kukatika, na mambo yakipamba moto kwenye televisheni kisu husimama na lile ganda hubaki likining'inia mpaka maneno yaishe. Katika tamthilia hizi mwizi hukamatwa, mtoto aliyepotea hutambuliwa na mama yake, na mkwe mbaya huomba radhi. Mwisho ukifika mimi na mama hulala tumetulia. Hata Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui, hakutuacha njiani: katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anajitetea barazani siku baada ya siku, na hatimaye wale wajumbe waliotupwa gerezani wanafunguliwa, nasi tunajua haki imepatikana.

Basi nawauliza nyinyi mliosoma zaidi yangu. Mwandishi anayetuchukua miaka mingi pamoja na kijana, tukamwona akikua, akipenda na akiogopa, halafu akatuachia mlango wazi bila kutuambia kilichompata, ametufanyia ustadi au ametudhulumu? Naomba jibu la dhati, kwa maana nimeshindwa kuanza kitabu kingine.

Mwalimu Mstaafu, Bagamoyo

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kisha nikainuka kwenda kukitafuta kitabu rafuni, kwa sababu kuna jambo moja katika maneno yako ambalo nilitaka kulihakikisha kabla ya kujibu. Umesema mwandishi ametuachia mlango wazi. Rudi kwenye sentensi za mwisho kabisa uzisome polepole, ikibidi kwa sauti. Yusuf akiwa pale anasikia nyuma yake, upande wa bustani, sauti kama ya milango inayotiwa komeo. Anageuka kutazama, halafu ndipo anapokimbia. Milango imefungwa, mwanangu, naye yuko nje.

Ile bustani ya nyumbani kwa Aziz ndiyo pepo ya kitabu, na katika pepo hiyo yumo Mzee Hamdani, mtunza maua ambaye alipewa uhuru akaukataa, akiuliza ni nani aliyewaambia kwamba uhuru wake ni mali yao hata waweze kumpa. Yumo pia Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kwa Aziz, ambaye deni lake lilikwisha zamani lakini hakuondoka, kwa ajili ya Amina, ndugu yake wa kulelewa aliyeozwa kwa Aziz. Yusuf amewatazama wawili hao kwa miaka. Mimi naamini kwamba siku ile anaona atakavyokuwa akizeeka ndani ya ukuta ule, na hofu hiyo inakuwa kubwa kuliko hofu ya askari. Sisemi alichagua vema. Mwandishi ametuonyesha waziwazi uchafu ulioachwa na askari mahali walipopiga kambi, na mbwa walioujia, ili tusije tukadhani kijana anakimbilia heshima.

Niongeze jambo la hapa kwetu. Ninaishi mwendo mfupi tu kutoka jengo la zamani la misafara, mahali walipofikia wapagazi waliokuwa wametembea miezi na mizigo mabegani. Kwa hiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika riwaya ni safari ya bara, pamoja na mnyapara Mohammed Abdalla na vitisho vyake, na hasa pale Chatu, mtawala wa huko bara, anapowanyang'anya bidhaa zao zote, kisha anakuja Mzungu na kuamuru zirudishwe. Aziz anarudishiwa mali yake kwa amri ya mtu mwingine. Kuanzia hapo zama za akina Aziz zimekwisha, hata kama yeye mwenyewe bado anafunga vitabu vyake vya hesabu kwa adabu ileile. Ukiisoma safari ile kwa makini, wale askari wa ukurasa wa mwisho hawatakushtua, kwa kuwa walikwisha kutangulia kufika. Na wewe uliyeko Tanga una sababu ya ziada ya kuwafikiria, maana mwezi Novemba mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilifika mpaka Ras Kazone, na miongoni mwa waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa vijana wa nchi hii waliokuwa na umri kama wa Yusuf.

Ukitaka kujua maisha ya kijana aliyejiunga na askari yalikuwaje, mwandishi huyohuyo aliandika riwaya nyingine mwaka 2020, Afterlives. Kijana wake mle anaitwa Hamza, si Yusuf, lakini mimi nilipoisoma niliona kama nimepata barua iliyochelewa.

Kuhusu televisheni nitasema machache. Tamthilia niliyoipenda kuliko zote ni Siri ya Mtungi, ya hapa kwetu Tanzania, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2012. Sikumbuki hata ilivyomalizika. Ninachokumbuka ni Cheche ndani ya studio yake, mwanamume anayewapanga watu na familia zao vizuri mbele ya kamera huku ndoa yake na Cheusi ikimponyoka mikononi.

Mama Chumbageni

Dada, pole, na Mwalimu shikamoo. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kituruki kwa miaka mingi, na nimeona ni vyema nizisemee, kwa sababu huo mwisho unaousifu una sababu zake.

Huko kwao Uturuki tamthilia huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huweza kwenda saa mbili au zaidi pamoja na matangazo ya biashara. Zikiuzwa nchi za nje hukatwa vipandevipande, ndiyo maana sisi huku tunaona kipindi kinaisha mtu yuko katikati ya sentensi, mama yako kashika ganda la chungwa hewani. Waandishi wake huandika huku sehemu zilizotangulia ziko hewani tayari. Watazamaji wakiwa wengi, hadithi hurefushwa hata kama ilikwisha kusema yake. Wakipungua, hufungwa kwa haraka. Ukizitazama kwa jicho hilo utatambua ni kwa nini katika usiku wa mwisho hutokea harusi mbili, kifo kimoja na msamaha wa watu wote. Mara nyingi huo haukuwa mwisho uliokusudiwa tangu mwanzo. Mwandishi wa riwaya hana mtu wa kumfungia duka, na akikuacha njiani ujue alikusudia kukuacha papo hapo.

Hata hivyo ninazipenda, na ninazipenda kwa sauti zake. Kazi ya kutia sauti haithaminiwi inavyostahili. Nimekisikiliza vya kutosha Kituruki chenyewe kinachosikika chini kabla hakijafunikwa na sauti za Kiswahili, na nimejifunza kwamba wenzetu huweka kitenzi mwisho wa sentensi, kwa hiyo uso wa mwigizaji hubadilika mwishoni, neno zito linapotua. Kiswahili chetu kitenzi hutangulia. Mtia sauti asiye hodari hukwambia msiba wakati uso wa mama wa watu bado haujapata habari. Aliye hodari huipindua sentensi, huanza na jina la marehemu au na siku au na mahali, akakichelewesha kitenzi mpaka macho yale yajae machozi. Nikisikia hivyo huacha ninachofanya. Hapo naona Kiswahili kimefanyiwa kazi ya fundi.

Msomaji wa Pangani

Naheshimu sana aliyoyaeleza Mwalimu, lakini naomba nisiwe pamoja naye moja kwa moja. Msomaji anaweza kudhulumiwa pia na mwisho uliofungwa mno.

Mwezi uliopita nimerudia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 ambayo wakati fulani ilizuiwa kusomwa shuleni. Ile sehemu ya mwanzo, Zakaria anapomwadhibu binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles, imenitetemesha mimi mtu mzima mwenye mabinti, na nilijikuta namwita mdogo wangu wa kike nimuulize kama niliwahi kumtisha namna ile alipokuwa shule. Rosa anapojiua, baada ya mchumba kumkataa, nilikuwa tayari kukiweka kitabu chini na kukaa kimya. Lakini mwandishi hakuniacha nikae. Alimchukua Rosa na baba yake hadi mbele ya Mungu wakashtakiana, tukasikiliza kesi. Najua wako wanaosema hapo ndipo kitabu kinapopanda juu. Mimi nilihisi nimenyang'anywa maombolezo yangu. Nilitaka nibaki kule Ukerewe nyumbani kwa Regina, mama aliyepigwa na kuvumilia, niomboleze tu.

Kwa hiyo dada, afadhali huyo aliyekuacha barabarani. Amekuachia nafasi ya kuhuzunika kwa namna yako.

Binti wa Ngamiani, Tanga

Nawashukuru nyote, na Mwalimu Mungu akuzidishie. Nilirudi kwenye sentensi zile nikaikuta milango kama ulivyosema. Nilikuwa nimeipita mbio kwa pupa ya kutaka kujua Yusuf anafika wapi, na nakiri kwamba makosa yalikuwa katika usomaji wangu. Uliyoyasema kuhusu Chatu nayo nimeyafuata, na kweli yule Mzungu anapoingia mjini sikuwa nimempa uzito wowote mara ya kwanza. Nilifurahi tu kwamba mali imerudi, kama ninavyofurahi mwizi anapokamatwa kwenye tamthilia. Ndugu yangu wa Pangani, Rosa Mistika niliisoma nikiwa msichana na nililia katika ile kesi, kwa hiyo hapo tutatofautiana mpaka niirudie. Na Mama Chumbageni, jana nimemsikiliza yule anayemtilia sauti mama mkubwa, na nimeanza kusikia unachokisema.

Jana hiyohiyo umeme ulikatika kabla hatujamaliza kipindi. Mama alikuwa amekwisha kukaa na sinia lake la machungwa. Nikawasha tochi ya simu nikamsomea sura ya mwisho ya Peponi, baada ya kumsimulia kwa ufupi yaliyotangulia. Alisikiliza bila kumenya. Nilipofika pale Yusuf anapokimbia nikanyamaza, nikasubiri aniulize kama nilivyouliza mimi, kwamba je, alifika, je, aliuawa vitani. Hakumuulizia Yusuf. Aliniuliza, "Na Amina je? Yule binti kaachiwa nani ndani ya nyumba ile?"

Nilimjibu kwamba kitabu hakisemi. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia nirudi nyuma nimsomee tangu siku Yusuf alipoanza kuingia bustanini. Umeme uliporudi tulikuwa tumefika kwa Mzee Hamdani na madimbwi yake ya maji, na televisheni ikawaka yenyewe kwa sauti ya juu. Mama alinyoosha mkono akaizima, akachukua chungwa.