Naomba ushauri: namna ya kukinga reli za shaba zisiliwe na cheche

Ndugu wataalamu wa metali na umeme, nawasalimu. Niko Dar es Salaam, na kwa mradi wa chuo nimetengeneza kielelezo kidogo cha mezani cha kurusha kwa nguvu ya sumaku-umeme, ambamo kipande cha alumini huteleza kati ya reli mbili za shaba pale mkondo wa umeme unapopita. Baada ya majaribio machache tu, reli zimeota vishimo vyeusi mahali kipande kinapoanza kusogea, na juu yake kumeganda utando wa alumini ambao ukiupitishia kidole unakwaruza kama msasa. Najua alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na shaba kwenye 1,085, lakini inaniuma kuona kazi ya wiki nzima ikiharibika hivi. Nimesugua kwa msasa laini, kisha fundi mmoja wa Gerezani akazipaka reli utando wa metali ya nikeli kwa njia ya umeme. Ikabanduka magamba kwenye jaribio la pili.

Je, yawezekana nikeli ilibanduka kwa sababu shaba haikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa? Na je, nijaribu utando wa kromu ngumu, ingawa haipitishi umeme vizuri kama shaba, au nifunge vipande vya mchanganyiko wa tungsteni (metali inayostahimili joto kali sana) na shaba pale mwanzoni mwa reli tu?