Tupeane uzoefu: Serikali ilipotutaka tujibu "Ndiyo" au "Hapana"

Kijana wa Mikindani: Jana, nikipanga sanduku la marehemu baba, nilikuta nakala ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania, ambayo kura yake ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015 kisha ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: "Hapana. Gesi.", yaani gesi yetu ya Mtwara iliyopelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Ndugu zangu wa Kusini, ninyi mngejibu nini, na kwa sababu gani?

Mpwapwa wa Kilwa: Mimi nilikuwa nauza matunda Mombasa mwaka 2005, Wakenya walipopigia kura rasimu ya katiba iliyopiganiwa na serikali yao, alama ya kukubali ilikuwa ndizi, na ya kukataa chungwa. Siku zilipokaribia, kila aliyesimama mbele ya meza yangu alitazamwa anachukua nini. Akaja mama mjamzito, akataka ndizi mbivu. Vijana wakamzomea, mmoja akalipiga teke beseni langu, na ndizi zote zikamwagika mtaroni. Mama wa watu akalia, akisema rasimu hajaiona, ni mimba tu inayozitaka. Nami, Mungu anisamehe, kesho yake nikapanga machungwa matupu. Nilipowauliza wale vijana ni ibara gani iliyowaudhi, walinitajia bei ya unga. Rasimu ilikataliwa kwa takriban asilimia 58.

Binti Newala: Masikini! Alijifungua salama?

Mpwapwa wa Kilwa: Sijui, dada. Hakurudi tena mezani kwangu.

Mzee wa Nachingwea: Ndiyo maana nasema mwananchi asiyesoma asiulizwe.

Mwalimu Lindi: Shikamoo mzee, lakini hapo unatuonea. Wakenya hao hao waliikubali katiba mwaka 2010 kwa takriban asilimia 67, na Wazanzibari mwaka huo huo waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66, baada ya vyama hasimu vya CCM na CUF kupatana. Mtu humtazama kwanza anayemuuliza, ndipo alitazame swali.

Mzee wa Nachingwea: Marahaba. Sijasadiki.

Binti Newala: Mimi ningesema "Ndiyo" ili nirudi shambani mapema, korosho hazingoji.

Mwalimu Lindi: Usifanye hivyo! Soma kwanza, au usiende kabisa.

Kijana wa Mikindani: Nakala nimeirudisha sandukuni, maana mke wangu alikwisha kuitamani kwa kufungia karanga.