Naomba ushauri: wenzangu wananivuta mlimani baada ya theluji nzito

Wakuu, habari zenu. Mimi mtoto wa Tanga, nipo Denver, theluji nimeijulia ukubwani. Jumamosi wenzangu wa kazini wanataka tupande Berthoud Pass, njia ya juu milimani huku Colorado. Theluji imeanguka siku tatu mfululizo, na upepo haujatulia. Taarifa ya maporomoko ya theluji inasema hatari ni daraja la 3 kati ya 5. Wao wanasema 3 ni katikati tu, utadhani ni mtihani! Jana huko huko theluji iliguna "wuuf" chini ya buti langu, ufa ukakimbia mbele kama kwenye kioo. Tupo wanne, vifaa vya redio vya kumtafuta aliyefukiwa viwili, koleo moja. Tukibaki kwenye miteremko isiyofika nyuzi 30 inatosha, hata kama juu yetu kuna mkali zaidi? Au nisingizie mafua?