Kapteni kasema "nimechoka", kapewa barua ya kujieleza. Halafu mnauliza chama cha marubani ni cha nini

Wakuu, mnisamehe kwa urefu wa uzi huu, na lugha ikiteleza mnivumilie. Nimejizuia wiki nzima, leo nimeshindwa.

Mimi ni rubani msaidizi. Kapteni niliyekuwa naye zamu wiki iliyopita amekabidhiwa barua ya kujieleza, aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Kosa lake? Hakulewa, hakutukana mtu, hakugonga ndege popote. Watu wa rosta, wale wanaotupangia zamu, walimpigia simu akiwa bado kitini, wakamuuliza kama ataongeza muda ili tumalize safari ya nne, akajibu hapana, amechoka. Basi, hilo tu ndilo kosa.

Niwasimulie ilivyokuwa, maana nilikuwepo, na mwenye kusababisha ile "hapana" ni mimi.

Jana yake zamu yetu iliisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Zamu inayofuata, kuripoti saa kumi na nusu alfajiri. Hesabu: saa 10 kamili za mapumziko, na kwenye karatasi hoteli ipo dakika 20 tu kutoka uwanjani. Sasa njoo kwenye maisha. Basi la wafanyakazi lilikaa zaidi ya saa nzima likisubiri wenzetu wa ndege nyingine iliyochelewa, kwa sababu kukodi mabasi mawili ni gharama. Hotelini chumba hakijafanyiwa usafi. Nimeoga, nimekula, nimeongea na mtoto kwa simu, nimeingia kitandani saa nne usiku. Usingizi nao si taa kwamba unabonyeza swichi unazima. Mpaka saa tano naangalia dari. Saa tisa usiku simu ya mapokezi inaniamsha. Saa 10 za mapumziko, usingizi saa 4.

Safari ya kwanza ilichelewa kwa ukungu. Ya pili ikachelewa kwa sababu ya kwanza. Ya tatu tulipanga foleni injini zikinguruma, tukisubiri zamu ya kuruka. Tukiwa tunashuka kwenda kutua, kapteni alikuwa anairusha kwa mkono, kwa hiyo redio na vitufe vilikuwa vyangu. Mwongoza ndege akatushusha futi 5,000. Nikamrudishia vizuri kabisa, "futi elfu tano", sauti imetulia. Mkono wangu ukazungusha kitufe cha kuweka kimo ukaweka 3,000. Mdomo umesema hili, mkono umefanya lile, na mwenyewe sina habari. Kapteni akatupa jicho kwenye skrini, akasema taratibu: "Tano." Nikarekebisha. Sekunde mbili, tatu hivi, yameisha. Chini yetu palikuwa na vilima.

Tulipoegesha hakuna aliyeongea. Ndipo simu ikaita. Kapteni akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia: "Wewe unajionaje?" Ningeweza kujibu kile ambacho wengi wetu hujibu, "niko vizuri, kapteni." Nimekijibu mara nyingi tu, nakiri. Siku ile nikamwambia, "Kapteni, sijielewi." Akarudi kwenye simu akasema haruki.

Abiria wa safari ya nne walikwama. Nawaelewa hasira zao, ningekuwa mimi ningekasirika. Mmoja aliturekodi tukitoka na mabegi yetu, akipaza sauti: "Waoneni, wanaenda kulala hao!" Ndiyo mkuu. Nilikuwa naenda kulala. Ulitaka nilale nikiwa na wewe futi 35,000 juu?

Tuje kwenye kanuni sasa, maana kuna watu wanadhani kapteni aligoma. Zamu ikiharibika njiani, kapteni anaruhusiwa kuongeza muda kupita ukomo wa saa za kazi. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinampa hadi saa 2 zaidi kwa wafanyakazi wa kawaida. Lakini huo ni uamuzi wake yeye, na anatakiwa kwanza awasikilize wenzake aliokuwa nao ndani ya ndege. Si wa meneja wala wa mtu wa rosta aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akiwa na chai yake mezani. Kapteni alifanya hivyo hivyo kama ilivyoandikwa: aliniuliza, nikamjibu, akaamua. Sasa hiari ambayo ukiitumia kusema ndiyo unapigiwa makofi, na ukisema hapana unapewa barua, hiyo ni hiari ya wapi?

Tena kinachoniuma zaidi, rosta zenyewe zinapangwa mpaka ukingoni. Ukomo uliwekwa kama ukuta wa kutouegemea, wao wameufanya ndio kitanda. Zamu inapangwa ibaki dakika 15 kabla ya ukomo, halafu ukungu ukishuka tunaambiwa ni "dharura isiyotarajiwa". Ukungu wa asubuhi, msimu wa ukungu, eti haukutarajiwa!

Na neno lenyewe ni "fursa". Marekani na Ulaya, ukiwa mbali na kituo chako, kanuni inadai angalau saa 10 za mapumziko na ndani yake fursa ya kulala saa 8. Fursa! Kama ulilala mchana au usiku, kama chumba cha jirani wanapiga mashine ya kufagia, kama mwili wako bado upo kwenye saa za bara jingine, hayo ni yako. Mwili wa binadamu umeumbwa ulale kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na bado saa hizo nazo tunaruka, kwa sababu ndege isiyoruka haiingizi kitu.

Mwaka 1997 watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ambayo kila mwenye kupanga rosta angepaswa kuyabandika ukutani: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nikija kazini na bia mbili kichwani nanyang'anywa leseni siku hiyo hiyo, na ni haki kabisa. Nikija na usingizi wa saa 4 naitwa mchapakazi.

Kuna ajali moja huwa hainitoki. Tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya mizigo ya UPS, Airbus A300, ilianguka alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, ikijaribu kutua Birmingham, Alabama. Marubani wote wawili walikufa. Kinasa sauti kilipofunguliwa, wachunguzi wakawasikia wale marubani, kabla ya hayo yote, wakizungumzia uchovu na kanuni mpya za mapumziko zilizokuwa zinakuja, na kwa nini wao wa mizigo wameachwa nje. Maana Marekani ilikuwa imeandika kanuni mpya baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, watu 50 walikufa. Rubani msaidizi wa ndege ile alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa Seattle, abiria kwenye ndege za mizigo, ili tu afike kituo chake cha kazi Newark. Kanuni zikaanza Januari 2014. Ndege za mizigo zikatolewa, hoja ikiwa gharama. Kana kwamba rubani wa maboksi hana haja ya kulala. Wale wawili wa UPS walilalamikia jambo hilo hilo, muda mfupi baadaye wakafa, na uchovu ukatajwa kwenye ripoti miongoni mwa yaliyochangia. Wanaosema tunalalamika sana wakasikilize hiyo.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Januari 2024, Batik Air ya Indonesia, kutoka Kendari kwenda Jakarta, abiria 153: marubani wote wawili walilala kwa pamoja dakika 28. Rubani msaidizi alikuwa na mapacha wachanga nyumbani. Waongoza ndege wanaita, kimya. Walitua salama, Mungu ni mwema. Na hatua ya haraka ilikuwa ipi? Marubani wakasimamishwa kazi. Aliyelala ana makosa, sikatai, lakini rosta je? Yenyewe haisimamishwi?

Nirudi kwenye chama, maana ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Baada ya barua ile, chama chetu kilitoa tamko fupi tu kumtetea kapteni. Uongozi ukajibu kwa waraka kwamba chama "kinaingilia uendeshaji". Watu huku nje wakadakia: marubani wanaringa, wanalipwa vizuri, wanataka nini tena. Jamani. Hebu niambieni, bila chama, yule kapteni angekuwa na nani? Mtu mmoja akisema "nimechoka", huyo ni mvivu. Watu 300 wakisema kwa maandishi kwamba rosta hii inachosha, hapo ndipo meneja anaanza kutafuta kikokotoo.

Hizi saa zenyewe mnazoziona kwenye kanuni hazikushushwa kama mvua. Marubani wa Marekani walianzisha chama chao, ALPA, mwaka 1931, wakati mwenye kukataa kuruka kwenye hali mbaya ya hewa anaachishwa na anayekubali anakufa. Kaulimbiu yao inahusu ratiba na usalama, wala haitaji mshahara. Mwaka 1934 bodi ya kazi ya huko ikatoa Uamuzi namba 83, na humo marubani wakapata ukomo wa saa 85 za kuruka kwa mwezi. Saa 85, mwaka 1934! Leo, miaka 90 na ushei baadaye, ukomo wa kawaida ni saa 100 kwa siku 28. Na hizo ni za ndege tu, kabla hujahesabu kungoja, kukagua, foleni na basi la hoteli.

Wanaotupigia kelele kwamba vyama vina nguvu kupita kiasi, someni Australia 1989. Marubani wa huko walidai nyongeza ya asilimia 29.47, wakaanza kufanya kazi kwa saa za ofisini tu. Waziri Mkuu Bob Hawke, ambaye mwenyewe alipanda kupitia uongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama na mashirika. Ndege za jeshi zikabeba abiria. Marubani zaidi ya 1,600 wakajiuzulu kwa mkupuo, na wengi hawakurudi tena kwenye viti vyao. Miaka minane kabla, Rais Reagan wa Marekani aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Kati ya madai yao kulikuwa na wiki fupi ya kazi. Hakuna mwenye akili timamu anayekwenda kwenye mgomo kwa kuringa.

Halafu kuna nyinyi wenzetu ambao si wanachama. Mnajijua. Makato ya chama mnayaona mzigo, ila mkataba wa hali bora ukisainiwa mnakuwa wa kwanza kuuliza nyongeza inaingia lini. Mmoja kaniambia juzi, "Kapteni angenyamaza tu, angesema ana tumbo." Yaani tumefika mahali ambapo kudanganya kuumwa ni salama kuliko kusema kweli umechoka. Na ripoti ya uchovu, ile fomu tunayoambiwa kila mwaka darasani kwamba haina adhabu, tangu barua ile itoke sijamsikia mtu yeyote akiijaza.

Sitaki kuwasema vijana wa mikataba ya wakala, hao nawaonea huruma. Wanalipwa kwa saa za kuruka tu. Ukiugua hulipwi, ukikataa zamu jina lako linahamia chini ya orodha bila mtu kukuambia, na deni la masomo ya urubani lipo pale pale linakungoja. Nimeshakaa na mmoja ana homa, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, nikamwambia mjulishe daktari, akanitazama tu. Siku ile ya vilima, kama kiti cha kushoto, kile cha kapteni, kingekuwa na mtu wa wakala, tungeruka ile safari ya nne. Nina hakika. Na mimi ningekuwa nimemjibu "niko vizuri".

Nimemaliza hasira, sasa nina ombi. Kikao cha nidhamu ni Jumatatu. Mwakilishi wa chama ataingia naye, na mimi nimeandika maelezo yangu, ikiwemo ile futi 3,000, ingawa wapo walionishauri niifiche kwa sababu inaweza kunigeukia. Nimeamua inabaki. Kwa mliowahi kuitwa kwa jambo kama hili: je, mliambatanisha rosta ya siku zilizotangulia na muda halisi wa basi na hoteli, au mlijibu tuhuma tu kama ilivyoandikwa? Na kama kuna aliyefanikiwa kudai kumbukumbu za simu za watu wa rosta, alizipataje? Kapteni hajui kama naandika hapa. Mwenye uzoefu aweke, nitasoma zote usiku huu, kesho nipo mapumziko.