Mjadala: Taa za ufukweni ziwekewe sheria, au kila mtu amulike apendavyo?

Assalaam alaykum wadau. Naleta mada ambayo najua itatugawa: Zanzibar tuwe na sheria ya taa za nje, hasa za mahoteli yaliyojengwa juu ya fukwe? Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukazungukana: ndiyo, tuwe nayo. Sisemi watu wakae gizani. Nasema taa ivishwe kofia, imulike chini, rangi iwe ya manjano, na ile isiyomsaidia mtu yeyote saa nane za usiku izimwe.

Nianze na kasa. Jike hupanda pwani usiku kutaga, na pwani yenye mwanga mwingi huikwepa. Watoto wake ndio wenye balaa zaidi. Wakitoka mchangani hawana wa kuwaonyesha njia. Huangalia upeo wa macho na kufuata upande wenye mwanga. Kwa asili upande huo ni wa bahari, kwa sababu nchi kavu ina miti na kivuli chake. Weka taa kubwa nyeupe nyuma ya mchanga, kitoto kinageuka na kuelekea kwenye baa. Jua likichomoza hakijagusa maji, na kunguru wanamaliza kazi. Kule Florida, Marekani, wilaya na miji mingi ya pwani ina kanuni za taa kwa ajili ya kasa tu, na watalii bado wanajaa.

Na sisi binadamu? Mwili huutambua usiku kwa giza. Giza likiingia hupanda homoni ya melatonini inayotuandaa kulala, na mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi, kama wa taa nyingi za LED, ndio unaoizuia zaidi. Jirani yangu kafunga moja kwenye pembe ya ukuta. Inamulika banda lake la kuku na kitanda changu. Nimeweka pazia zito, basi nalala na joto la kaskazi bila upepo. Jogoo wake naye anawika saa saba za usiku, sijui anamwamsha nani. Kwa hiyo msidhani nawasema mahoteli peke yao.

Karibuni.

Mvuvi wa dagaa, Kaskazini Unguja:
Ndugu yangu, umeangalia upande mmoja. Sisi riziki yetu ni taa. Zamani karabai, sasa LED na betri. Mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, maana taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki. Leo mnaanza na hoteli, kesho mtatwambia na sisi tuzime. Halafu giza mnalolisifu tushalionja: Unguja tulikaa bila umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mie sina hamu nalo.

Mama wa watatu, Paje:
Mvuvi namuelewa, na mie sitaki kusikia habari ya kupunguza taa. Watoto wangu wanarudi chuoni baada ya isha. Lakini hebu niulize: mbona hoteli inamulika bahari usiku kucha, na njia ya nyuma ya ukuta wake, tunayopita sisi, haina hata glopu moja?

Mleta mada:
Bi mkubwa, umeisema vizuri kuliko mimi. Taa ya duara isiyo na kofia hutupa sehemu kubwa ya mwanga wake juu, ambako hapiti mtu. Umeme ni ule ule na bili ni ile ile. Ukiinamisha taa, unapata njia iliyoangaza. Sheria ninayoitaka ingewapa watoto wako taa zaidi.

Kaka mvuvi, hakuna aliyekugusa. Taa yako ina kazi, na alfajiri inazimwa. Lakini umenipa ushahidi mwenyewe: kama mbalamwezi tu inawatawanya dagaa, utashangaaje kasa akipotezwa na mataa yanayowaka mwaka mzima? Wewe ndiye wa kwanza kujua kuwa viumbe vya baharini hufuata mwanga.

Kuzima nako si jambo la ajabu. Ufaransa tangu 2013 maduka yanatakiwa kuzima taa za madirisha yao ifikapo saa saba za usiku, na hao hawakuwa na shida ya umeme.

Ninachoona kigumu ni nani asimamie. Sheha hawezi kugombana na mwekezaji kila usiku. Kwa rai yangu sharti liingizwe kwenye tathmini ya athari za mazingira, ambayo mradi wa hoteli unatakiwa kuifanya kabla ya kujenga: ramani ionyeshe kila taa ya nje, inamulika wapi na inazimwa saa ngapi. ZEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, wakikagua maji machafu, wakague na hilo. Zile zilizokwishajengwa mie ningezipa mwaka mmoja kubadilisha. Mnaoona ni mdogo, semeni mngetoa muda gani, na kwa nini.