Mwanangu kiziwi kaanzishiwa mbio kwa filimbi, halafu mnamwambia "amejitahidi"

Wakuu, hili jambo nina siku nne nalo na limegoma kushuka kooni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Binti yangu yuko darasa la saba. Ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Anasoma kwenye kitengo cha viziwi ndani ya shule ya msingi ya kawaida, na ana mbio. Simsifii kwa sababu ni wangu, mwalimu wake wa kitengo ndiye aliyenipigia simu mwaka juzi akasema mama, njoo umwone huyu mtoto. Mbio za shule kashinda. Za kata kashinda, na aliokimbia nao wote wanasikia. Wiki iliyopita ukawa mchujo wa wilaya, mita 100 wasichana, wawili wa mwanzo wanaingia kambini kwa ajili ya mkoa. Wilaya siitaji wala mtu simtaji, sikuja kumchafua mtu. Wenyewe wakisoma watajijua.

Shuleni na kwenye kata mwalimu wake alikuwa anasimama pembeni mbele yao na kitambaa chekundu kakiinua juu. Filimbi ikilia anakishusha, mtoto anaondoka. Hicho tu. Kitambaa cha shilingi mia tano. Siku ya wilaya mwalimu alimfuata mwanzishaji asubuhi na mapema, watoto hata hawajavua sweta, akamweleza. Akajibiwa kwamba sheria ni moja kwa watoto wote, na mtu akisimama pembeni kuonyesha ishara huko ni kumsaidia mkimbiaji, kwa hiyo mtoto atatolewa. Mwalimu akaomba basi mwanzishaji mwenyewe ashike kibendera. Akaambiwa muda hautoshi.

Muda wa kuinua mkono, wakuu.

Mwanzishaji kasimama nyuma yao kama hatua tano, filimbi mdomoni. Mimi nimekaa kwenye nyasi pembeni, namwona vizuri. Wenzake wote macho mbele, yeye shingo kaigeuza kulia, anaangalia kisigino cha msichana wa pembeni yake, kwa sababu ndiyo filimbi aliyobakiwa nayo. Kile kisigino kikinyanyuka na yeye anyanyuke. Maana yake kabla hata mbio hazijaanza ameshaachwa. Kwenye mashindano makubwa ya dunia mtu akiondoka ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mlio anahesabiwa kaiba, ndivyo muda wa kuanza unavyopimwa huko. Wangu alikuwa anasubiri mwenzake asikie, mwenzake aondoke, ndipo na yeye aone.

Sasa yule wa kulia akachomoka kabla ya filimbi. Wangu naye akamfuata, angejuaje? Filimbi ya kuwarudisha ikalia, watoto wote wakasimama, wengine hawajamaliza hata mita kumi. Wangu akaendelea.

Alikimbia mita 100 zote peke yake. Peku, kwenye vumbi, katikati ya mistari ya chokaa, hakuna mtu mbele, hakuna mtu pembeni, na mimi najua alichokuwa anawaza: nimewaacha. Wale watoto wawili walioshika utepe waliuachia ukaanguka chini, akauruka. Akanyanyua mikono yote miwili, akageuka kunitafuta. Uwanja mzima unacheka. Na kwenye kipaza sauti mtu mzima, mwenye watoto wake nyumbani, anasema, "Bubu kakimbia peke yake jamani!"

Mikono alikuwa bado kainyanyua alipowaona wenzake wamesimama kule kwenye mstari wa kuanzia. Akaishusha mmoja, halafu mwingine. Sikuwahi kumwona na sura ile.

Huyo wa kipaza sauti nimweleze hapa hapa. Binti yangu si bubu. Ni kiziwi, na ana lugha yake kamili, Lugha ya Alama ya Tanzania, anaongea nayo kutwa mpaka namwambia apumzike. Wewe ndiye hukuielewa.

Mwalimu akaomba apewe japo dakika kumi, maana ameshamaliza mbio nzima na wenzake wamekimbia hatua nane. Hakupewa. Akarudi kwa miguu mpaka mstarini, filimbi ikalia tena, nyuma yake tena. Akawa wa nne. Kati yake na wa pili ni kama urefu wa mkono.

Halafu wakaniongezea. Jioni kwenye kugawa zawadi wakamwita mbele, wakampa daftari mbili na soda, "kwa sababu amejitahidi kwa hali yake", watu wakapiga makofi. Akaniuliza kwa mikono: hii ya nini, mimi si nimekuwa wa nne? Sikuwa na jibu. Soda aliiacha kwenye benchi, hakuifungua.

Sasa naambiwa humu wilayani nisikuze mambo. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Viziwi, ambayo ilianza Paris mwaka 1924, wakimbiaji wanaanzishwa kwa taa zilizowekwa chini mbele yao: nyekundu wajipange, njano wajiandae, kijani waondoke. Hakuna aliyesema huko ni kusaidiwa. Kenya hapo jirani wanapeleka viziwi wao na wanarudi na medali. Najua kijijini hatuna taa za kuanzishia mbio, na sikuomba taa. Niliomba kitambaa.

Na hiyo "sheria ni moja" mnayonitajia, someni na hizi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 30 inataja michezo ya shuleni kabisa, kwamba mtoto mwenye ulemavu ashiriki sawa na wenzake. Tukatunga na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Nyie mmemweka kwenye mstari mmoja na wenzake mkaona hapo ndipo usawa ulipoishia.

Nimeambiwa pia "mwakani". Mwakani gani? Yuko la saba, mwezi wa tisa anafanya mtihani anaondoka.

Barua nimeshaandika, mwalimu wa kitengo kasaini, mwalimu mkuu kasema atapitisha. Jumatatu naipeleka kwa afisa michezo na nakala kwa ustawi wa jamii. Kambi inaanza Alhamisi. Mwenye uzoefu wa rufaa za michezo ya shule anisaidie hapa: kuna muda maalumu wa kulalamika, au ndiyo nimeshachelewa? Na picha ya video niliyopewa na mzazi mwingine itapokelewa?

Mwenyewe nimemuuliza anataka nini. Kasema hataki kuingizwa kambini kwa kuonewa huruma. Anataka ile mbio irudiwe, na wasichana wale wale, na kitambaa. Hata saa kumi na mbili asubuhi uwanja ukiwa mtupu, atakuja.